Kimea cha Minza

Mwanangu, kabla sijaanza, nitenganishe mambo mawili. Kwamba nafaka iliyochipuzwa huupa mwili nguvu, hilo nimelisikia kwa wengi. Lakini yaliyotokea uani kwa mama yangu, kijijini Sola, niliyaona kwa macho yangu, na mabaya yake niliyatenda mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba yetu, na maduka ya Bariadi yakajaa bidhaa. Nilikuwa mwalimu kijana. Binti yangu Minza, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ametoka kuugua surua. Uji mzito ulimshinda kumeza. Mwepesi aliunywa, lakini ulikuwa maji matupu. Alikonda hata kulia kukamchosha.

Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, aliniagiza nitengeneze kimea cha ulezi cha kutia katika uji wake: niuloweke usiku mmoja, niuchuje, niutandaze siku mbili juu ya gunia la katani lenye unyevu, kisha niuanike. Yeye akaenda msibani Shishiyu.

Sikumtii. Mchuuzi mmoja sokoni alinihakikishia kwamba machipukizi yakirefuka ndipo nguvu huzidi. Nikaufunga ulezi uliolowa ndani ya mfuko wa nailoni alioniuzia, nikauacha siku tano, nikijiona mtaalamu.

Mayu aliporudi aliingiza mkono mfukoni, akautoa upesi. Mlikuwa na joto, uvundo na ukungu wa kijivu.

“Mwalimu, hiki ni kimea au ni samadi?”

“Nitauosha, Mayu. Jua litamaliza ukungu.”

“Kuku wangu siwapi. Ndio huu umpe Minza?”

“Lakini yule mchuuzi alisema…”

“Amewahi kutengeneza kimea?”

“Sikumwuliza.”

“Ulimwuliza bei ya mfuko tu!”

Mke wangu alicheka. Kisha akamtazama mtoto mgongoni, akaenda kuchukua jembe. Ulezi wote tuliufukia shimoni. Nilikuwa nimempotezea Minza siku tano, na sasa ilimbidi asubiri nyingine.

Mayu alianza upya. Kila asubuhi aliushika mkono wangu na kuuzamisha katika nafaka. “Ukisikia joto, geuza,” alisema. Vimizizi vyeupe vilipochomoza tu, akauanika ulezi. Ulipokauka akaufikicha, akaupeta, akausaga. Kisha akapika uji mzito hata mwiko ukasimama, akauepua upoe kidogo, akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Hakuongeza hata tone la maji. Uji ule ulilegea mbele yangu mpaka ukamiminika, naye akaurudisha motoni uchemke.

Basi, mwanangu, anayekufundisha kazi mwulize kwanza kama ameifanya. Nafaka unayoichipuza ipe hewa, ishike na uinuse kila siku. Ikiota ukungu itupe, hata kama njaa imebisha hodi. Mungu akujalie mikono yenye subira, na asiruhusu watoto wako walipie kiburi chako.

Watu wa Sola husema kimea ndicho kilichomponya Minza. Mimi siwezi kuapa; alikuwa akinywa pia dawa za zahanati. Ninachokithibitisha ni hiki: nilimshikia kikombe mwenyewe, akanywa hadi tone la mwisho, na nilipotaka kukiondoa alikikamata kwa mikono miwili, akalia kwa sauti.