Kopo la Sarafu Zilizokatwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kasugho, nilipewa mkasi kabla ya kuonyeshwa pa kukaa. Aliyenipa alikuwa infirmier titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya, mwanamume mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimetoka shule ya wakunga juzi tu, nimejaa maringo, na nilidhani mkasi ule ni wa kukatia kamba ya kitovu.

"Hapana," akasema. "Wa kitovu iko ndani ya sufuria, inachemuka. Huu ni wa kukata makuta."

Nilifikiri ananitania, maana makuta ni pesa. Akanipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mtoto mchanga, akamwomba afunue kikwembe, kile kitenge alichomfungia. Kiunoni mwa mtoto palikuwa na uzi, na kwenye uzi ilining'inia sarafu ya zamani, ile ya wakati wa Wabeleji yenye tundu katikati. Ilikuwa imelala juu ya kitovu kibichi, na ngozi chini yake imevimba na kutoa usaha. "Kata," akasema titulaire. Mama akafunika uso kwa mikono miwili. Nikakata. Wanawake wa Kasugho walinijua kwa mkasi kabla hawajanijua kwa jina.

Ninyi wasichana mnaosomea kazi hii leo mnacheka mkisikia habari hizo, lakini msicheke haraka. Sarafu zile zilikuwa na elimu yake. Yenye tundu, ambayo babu aliipata kwa kuvuna kahawa ya mzungu, ilikuwa bahati kubwa: ilikausha kitovu, ilifukuza jicho baya, ilimfanya mtoto ashike chini asiondoke. Iliyookotwa njiani ilikuwa balaa, kwa kuwa aliyeiangusha huenda aliiangusha makusudi ili aachane na mikosi yake. Zile makuta za wakati wa Zaire, ambazo hazikuwa na tundu na ilibidi zitobolewe kwa msumari, zilileta ubishi. Wengine walisema ni pesa iliyokufa, usimvike mtoto kitu kilichokufa. Wengine walisema hapo ndipo penye uzuri wake: sarafu isiyonunua kitu haiwezi kuondoka nyumbani, na bahati yake hubaki nayo. Nimesikiliza ubishi huo nikiwa nimepiga magoti, mkono mmoja juu ya tumbo la mama, na sikio kwenye kile kipembe cha mbao tunachosikilizia moyo wa mtoto. Mara nyingi ilibidi niwaambie wanyamaze nisikie.

Sisi tulichoogopa ni pepopunda, ugonjwa unaoingia kwa kitovu kichafu na kumkaza mtoto mwili mpaka hawezi kunyonya. Kwa hiyo nilikata. Titulaire aliniambia nitupe sarafu chooni, nikashindwa, kwa maana hazikuwa zangu. Kila moja niliifunga kwenye kipande cha bandeji, nikaining'iniza kwenye msumari juu ya kitanda cha mama mwenyewe, ili aichukue siku ya kurudi nyumbani. Niliona nimepata njia ya adabu.

Lakini wengi hawakuzichukua. Mama mmoja aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Ile yenye ilikatwa na chuma, bahati yake inageuka," akaniambia. "Ubaki nayo, Mama."

Nikabaki nazo. Niliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Humo ziliingia za watoto waliokwenda nyumbani wakinyonya vizuri, na ziliingia pia za watoto ambao hawakwenda nyumbani. Sikuzitenganisha. Ningezitenganisha ningekuwa nazijua, na mimi sikutaka kuzijua.

Kutoka Kasugho nilihamishiwa Kanyabayonga, kwenye maternité, yaani nyumba ya wazazi, iliyoko karibu na barabara kubwa. Mkubwa wangu huko alikuwa mama responsable, mwanamke wa kanisa, mnene, msafi, aliyetuombesha kila asubuhi kabla ya kugusa mgonjwa. Alihubiri juu ya sarafu kuliko hata juu ya pombe. Siku moja aliona kopo langu kwenye kabati la ofisi yake, maana sikuwa na pengine pa kuliweka, akaniuliza ni nini. Nikamwambia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi hapana kuamini ile mambo," akasema. "Mukristo hapana kuamini. Mais uitoe kwa bureau yangu leo."

Nilicheka peke yangu njia nzima kwa ile mais yake, yaani lakini. Nikiwa Kanyabayonga ndipo nilipoolewa na mwalimu wa shule ya kanisa, mtu mpole ambaye hakuniuliza habari za kopo hata siku moja. Yeye ndiye aliyelifanyia mfuniko wa mbao. Mungu hakutupa mtoto. Tulingoja, tukanywa dawa za hospitali na za majani, kisha tukaacha kuzungumza jambo hilo. Nilikuwa napokea watoto wa watu mchana, jioni naenda kupika chakula cha watu wawili.

Beni ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Ilikuwa miaka ambayo watu walikimbia vijiji vyao, na wanawake waliingia kwenye salle d'accouchement, chumba chetu cha kuzalia, bila sabuni, bila kikwembe cha kubadilisha. Mmoja alifika amejifungulia njiani, na kitu pekee alichotoka nacho kwao kilikuwa sarafu kiunoni mwa mtoto. Nilipochukua mkasi alinishika mkono. Hakulia. Alinishika tu, akaniangalia. Nilimwita daktari wa zamu, kijana ambaye uchovu ulikuwa umemzeesha mapema, nikitegemea aniambie sheria ni sheria.

"Utoe ile kitu juu ya kitovu," akasema. "Kitovu ikauke, ianguke. Kisha afanye yenye anapenda. Hana kingine."

Tangu siku hiyo nilifanya kazi kwa amri ile: kwanza kitovu kianguke. Nilipunguza kukata, nikawa nafungua fundo na kumpa mama uzi wake mkononi. Lakini kufunga, sikufunga hata moja. Mkunga hafungi sarafu, nilikuwa nikisema, na nilikuwa nikisema kwa majivuno.

Nilimalizia kazi Butembo. Mume wangu alifariki kabla sijastaafu, na nikarudi kwenye nyumba yetu ndogo ya kwenye mteremko, mimi na kopo. Mwanzoni sikuwa mpweke. Wanawake wa mtaa walikuja kila asubuhi: huyu mtoto ana joto, huyu hataki ziwa, yule amepata vipele. Waliniwekea watoto mapajani kabla hata ya kusalimu. Nilikuwa nalalamika kwamba hawaniachi nifagie.

Kisha jirani yangu Mama Kavira, ambaye ukuta wake unapakana na wangu, alikuja kuazima kichujio. Nikamwambia achukue mwenyewe rafuni. Akafunua kopo ambalo silo. Nilipogeuka nilimkuta ameshika mfuniko.

"Hizi za nani?" akauliza.

Nilimjibu kweli, kwa sababu sikuona la kuficha. Nilimwambia mpaka zile za watoto waliokufa. Alirudisha mfuniko polepole, akaenda bila kichujio. Kabla ya ibada ya Jumapili mtaa mzima ulikuwa umejua, na ulikuwa umeongeza chumvi: ati bahati za watoto wa watu ziko nyumbani kwa Mama Masika, yaani mimi, ati ndiyo maana mwenyewe hakuzaa, zimegeuka zikamfunga. Hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuja. Njiani walinisalimu vizuri, "Jambo, Mama," kisha wakahamishia mtoto upande wa mbali nami.

Sijui kama mnajua ukimya wa nyumba ambayo ilizoea watoto. Nilifagia mpaka hapakuwa na cha kufagia. Nilipika chakula kingi kwa mazoea, kikalala. Mchungaji alinishauri nilitupe kopo. Nilimwambia nitafikiri. Siku moja nilijikaza nikalipeleka kwa wanaonunua vyuma chakavu. Kijana wa mizani akachungulia, akaona nyuzi za pamba zimebaki kwenye matundu, akasukuma kopo kwangu kwa kidole.

"Mama, hii ni ya batoto. Kwangu hapana."

Nikarudi nalo, na moyoni nilifurahi kidogo kwamba alilikataa. Lilikuwa limenifukuzia watu, lakini ndilo lililobaki la kazi yangu yote. Watoto niliowapokea ni wanaume na wanawake sasa, wananipita barabarani kwa pikipiki wakinirushia matope, na hakuna anayenijua.

Basi mvua ikanyesha mchana mmoja, ile mvua yetu inayogeuza mteremko kuwa ugali. Nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa Mama Kavira, amelowa, amesimama nje ya kizingiti.

"Kahindo anaumwa," akasema. Kahindo ni mke wa mwanawe, na mwana mwenyewe alikuwa safarini mpakani Kasindi kufuata bidhaa. "Mutoto anakuja. Motari wa pikipiki amekatala kupanda, barabara iko na matope."

"Maji yalitoka?"

"Yalitoka. Mama, ukuje. Mais..." Akaangalia rafu nyuma yangu, penye kopo.

"Nitakuja na mikono tu," nikamwambia.

Kahindo alikuwa ameshafika mbali. Nilinawa mpaka viwikoni, nikachemsha wembe mpya na uzi, nikapiga magoti kama zamani. Mambo hayo mwili hausahau. Kichwa kilitoka vizuri, bega la kwanza, la pili, na mtoto akalia kabla sijamfuta. Msichana, tena uzao wa kwanza. Kwetu binti wa kwanza huitwa Masika, kwa hiyo alikuwa Masika kama mimi, bila mtu kukaa kikao. Nilimlaza kifuani kwa mama yake, nikangoja kamba iache kupiga, nikafunga, nikakata, nikangoja kondo la nyuma. Mama Kavira akamchukua amvike. Nilipomaliza kunawa nilinyoosha mikono, kama nilivyofanya maisha yangu yote, ili nimtazame vizuri mara ya mwisho.

Mama Kavira alimgeuzia mtoto ukutani.

"Asante sana, Mama," akasema, macho chini. "Mungu akubariki. Mais umuache."

Nilichukua kitambaa changu nikaenda. Mvua ilikuwa bado inanyesha na sikuharakisha. Niliumia, nasema wazi. Nimetukanwa na wanawake wenye uchungu, nimepigwa mateke, hata kung'atwa, na hakuna lililonipata kama lile. Nilikaa kitini nikaangalia kopo, na kwa mara ya kwanza nililichukia.

Siku zikapita. Nilimsikia mtoto kupitia ukutani, nikawa najua saa zake za kunyonya. Kisha asubuhi moja wakaja wote: Kahindo mbele, mtoto kifuani, na Mama Kavira nyuma amefumba ngumi. Niliona ya kuwa walikuwa wamegombana na kwamba Kahindo ndiye aliyeshinda.

"Kitovu ilishaanguka," Kahindo akasema. "Tulingoja ianguke, sawa wewe unasemaka."

Mama Kavira akafumbua ngumi. Ilikuwa sarafu yenye tundu, imelainika mpaka maandishi hayasomeki, kwenye kamba ya nailoni. "Hii ni ya mama mukwe wangu. Ilichunga bwana yangu, ikachunga batoto bangu. Mutoto akiivaa, unaweza mubeba. Mais akiivaa kwanza."

Nilielewa. Sarafu ile haikuwa ya pepo wala ya jicho la mtu wa mbali. Ilikuwa ya kumkinga mtoto nisimdhuru mimi. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na maneno ya titulaire na ya mama responsable mdomoni, yote tayari, na mlango ulikuwa karibu. Mtoto akapiga chafya.

"Nailoni hapana," nikasema. "Inakata ngozi."

Nilitoa uzi wa pamba kwenye kikapu changu cha kushonea, nikauchemsha pamoja na sarafu, nikangoja vipoe. Nilimvika mwenyewe, juu ya kitovu mbali kabisa, na nikapitisha kidole chini ya uzi nione kama haubani. Fundo nililopiga ni lile la kufungia vitovu, kwa sababu silijui jingine lililo imara hivyo. Mama Kavira akaliangalia, akalivuta, akaridhika. Kisha akaniwekea Masika mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na sarafu ilikuwa bado vuguvugu kati yake na mkono wangu.

Sasa wanamleta kila Jumapili baada ya ibada. Wengine bado wanapita njia ya mbali, na kopo bado liko rafuni. Mama Kavira huinua nguo ya mtoto kwanza, ahakikishe uzi upo, ndipo anipe. Nami hukagua baada yake, polepole, sehemu kwa sehemu, kwa kuwa siku utakapokatika hawatamleta. Mtoto ananenepa na uzi unaanza kumbana. Nimeshasokota mwingine mrefu zaidi, umo kikapuni, pamoja na mkasi.