Nyota Nyekundu Juu ya Mabati ya Langas

Mwalimu Nyaguthii alifundisha fizikia, na hakuna mada aliyoipenda kama maisha ya nyota. Jioni moja ya Desemba, wakati wa vurugu za uchaguzi, mwanawe Mungai alimwonyesha mwanga mwekundu uliotokeza juu ya mabati ya mtaa wao wa Langas.

"Usiogope," mama akamwambia. "Hiyo ni nyota iliyozeeka. Nyekundu ndizo zenye joto dogo. Zikikaribia kufa, huvimba."

Mtu mzima, na digrii yake, akakaa kutazama. Mwanga ukavimba kweli. Alipoona moshi, nyumba ya jirani ilikuwa imeshashika moto, wakakimbia miguu mitupu.

Miaka imepita. Amejenga upya palepale nyumba yao ilipoteketea, na darasani bado anaeleza jinsi nyota inavyoishiwa na hidrojeni, ikavimba, ikameza sayari zilizo jirani nayo. Lakini kila Desemba, giza likiingia, husimama mlangoni akingoja nyota nyekundu ipande, maana nyota hupanda juu, moto hubaki chini. Ikishapanda ndipo anapovua viatu.

Leo mawingu yametanda. Nyaguthii amemvalisha mjukuu wake viatu, akamlaza navyo.