Maua Yaliyofanana na Saget

Nilikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu, juu kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa Menengai. Mpishi alikuwa Mluhya, shamba boi Mjaluo, na mimi Mkipsigis. Tulielewana vizuri, isipokuwa juu ya chakula.

Mwaka mmoja memsahib aliletewa mbegu za maua kutoka Uingereza, akazipanda mwenyewe mbele ya dirisha la sebule. Mvua ilipokolea, miche ikatoa majani yaliyogawanyika kama vidole vya mkono. Shamba boi akaniita.

"Dada, hebu angalia. Hii si dek?"

Nikainama. "Hii ni saget."

Mpishi akatoka jikoni na mwiko wake. Akachuma jani, akalinusa, akatangaza kwamba ni tsisaga, na kwamba sisi wawili hatujui mboga. Yote matatu ni majina ya mboga moja, mgagani, kila mtu kwa lugha ya kwao.

Tulibishana mpaka mtoto niliyembeba akalala mgongoni. Mwishowe tukakubaliana jambo moja tu: memsahib amepanda mboga na hana habari. Alikuwa ameenda Gilgil kumtembelea dada yake. Tukachuma nusu ya kitalu.

Mpishi alichemsha majani, akamwaga maji, akachemsha tena kwa maziwa. Tukakaa nyuma ya jiko, tukala. Mboga ilikuwa na miiba midogo, na uchungu wake haukujali maziwa. Shamba boi alimaliza sahani yake yote, kwa sababu ndiye aliyeanzisha mambo.

"Basi ni dek kweli," mpishi akasema. "Tsisaga haiwezi kuwa hivi."

Memsahib aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kitalu, akatuita.

"Nani nakula maua yangu?"

"Ni sisi, memsahib," mpishi akajibu. Mimi nilikuwa tayari nafikiria nitakavyofunga mzigo wangu.

"Tamu?"

"Hapana, memsahib."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu kikubwa cha picha. Ua lake liliitwa Cleome. Akafunua ukurasa mwingine, na hapo tukaiona mboga yetu, yenye maua meupe na isiyo na mwiba hata mmoja. "Hii ndugu yake," akasema. Tukatazamana. Sote watatu tulikuwa tumekula shemeji.

Wiki iliyofuata shamba boi alileta mbegu za mboga halisi, na memsahib akaamuru zipandwe kando ya maua. Mboga ilipokomaa, mpishi akampikia. Alikula vijiko viwili, akasema ni chungu, kisha akataka ipikwe tena Jumamosi.

Alitaka pia kitalu kiwe na kibao chenye jina. Alituuliza liandikwe lipi, nasi tukabishana tena, mpishi akitishia kuacha kazi likiandikwa la Kijaluo. Kibao kikaandikwa kwa Kilatini. Hakuna aliyelalamika, maana hatukuwa na Mlatini pale nyumbani wa kuturingia.