Mitamba ya Mashuuru Niliiuza kwa Mdomo Wangu

Mwenye makosa ni mimi, na sitatafuta wa kusaidiana naye. Nikimaliza kusimulia, nihukumuni vile mnaona.

Miaka ya elfu mbili nilikuwa nimepanga Kitengela, mwalimu wa chuo niliyetoka magharibi mwa Kenya, nikisomea PhD ya usimamizi. Nilikuwa nachunguza vile vikundi vya akina mama vinajiongoza. Kila Jumamosi nilikuwa Mashuuru, kwa Wamaasai, kwenye kikundi cha akina mama kilichouza maziwa.

Mwenyekiti wao, Mama Naserian, mwanzoni aliniangalia tu. Nilipojifunza kumwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo", yaani mama, alicheka, akaitikia "Iko!" Tangu hapo nikawa mtoto wa boma lake.

Siku moja tukiwa tunakamua, akaniambia siri. Pesa ya maziwa haikuwa inaishia jikoni kama waume walivyoambiwa. Akina mama walikuwa wananunua mitamba, inafugwa kwa mjane mmoja rafiki yao, karibu na Kitengela. Ilikuwa ya kuwapeleka wasichana wao sekondari.

"Hiyo usiandike," akasema.

"Siwezi, yeyo."

Na kweli sikuandika. Nilisema!

Kulikuwa na shindano la utafiti la wanafunzi wa PhD, upande wa usimamizi. Nikafika fainali. Msimamizi wangu alikuwa ameshanionya: "Kazi yako ni safi, lakini haina moto. Majaji wanataka kitu hawajawahi kusikia."

Nikasimama mbele ya ukumbi. Jaji mmoja anapiga miayo, mwingine anaangalia dirisha. Nikaingiwa na hofu ya kushindwa, basi nikaitoa siri yote. Majina nilificha, eti! Lakini nilitaja Mashuuru, nikataja maziwa, nikamtaja mjane. Jamani, Mashuuru kulikuwa na vikundi vingapi vya maziwa? Kimoja!

Ukumbi ulisimama kunipigia makofi. Nikawa wa kwanza. Wiki hiyo nikaitwa redioni, nikarudia kila kitu, tena kwa Kiswahili kizuri.

Waume walisikia. Wakaenda kwa mjane na lori, wakabeba mitamba yote, wakaiuza. Kikundi kikavunjika. Naserian, binti ya mwenyekiti, alikuwa amemaliza darasa la nane, amepita vizuri. Aliozwa kabla ya wenzake kuingia kidato cha kwanza.

Nilienda. Sijui nilitaka nini huko. Mama Naserian alinipa kiti, akanipa chai. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Ulishinda?" akaniuliza.

"Nilishinda, yeyo."

"Haya. Kunywa chai, itapoa."

Nikainywa yote. Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha, lakini sikuomba. Nikaaga, nikaondoka. Mashuuru sijarudi tena.

PhD nilimaliza. Watu wakiniita daktari naitika, lakini ni kama wanamwita jirani. Sijawahi kulia kwa sababu ya jambo hili, hata mara moja. Nikimwona msichana na sare ya shule, nageuza macho tu, naendelea na safari. Hiyo ndiyo inaniogopesha.

Nyinyi mnaosoma kwa kuandika maisha ya wengine, nawasihi: mtu akikuambia usiseme, nyamaza! Hata kama ukumbi mzima unasinzia. Kubali ushindwe, urudi nyumbani mikono mitupu. Kushindwa kunapona.