Unyoya Uliokuwa Ndani ya Juzuu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, anayewashika ndege angani bila kamba wala nguzo, na anayetuamsha kila alfajiri na pumzi ambazo hatukuziomba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na jamaa zake. Sasa, msomaji wangu, sogea karibu nikuhadithie.

Majira haya ya baridi nimekuja Doha kumtembelea mwanangu anayeishi Al Thumama. Ijumaa iliyopita alitupeleka, mimi na wajukuu, nje ya mji kwenye kituo cha vipanga, wale ndege wa kuwindia, ambako wenye karavani walikuwa wamekusanyika kwa mapumziko. Unazijua karavani: zile nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na gari. Zilipangwa safu kwa safu, nyingine zina viyoyozi na televisheni. Nikasimama mbele ya kijana mmoja aliyefungua sanduku bapa lililojaa manyoya ya kipanga, kila unyoya mahali pake, nikajikuta nacheka peke yangu.

"Bibi, unacheka nini?" mjukuu wangu akauliza.

Nikamwambia nitamwandikia. Ndiyo haya.

Mimi nimelelewa hapa hapa Doha. Tulikaa Najma, vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Baba alikuwa dereva wa mzee mmoja wa Kiarabu, na mama alikuwa mpishi wa nyumba hiyo hiyo. Mzee huyo ujanani aliwahi kuwa na duka Mombasa, kwa hiyo Kiswahili alikizungumza vizuri, na wazazi wangu walifurahi kuwa na tajiri wa kuelewana naye. Mimi nilimwita Babu. Alikuwa na kipanga jike mmoja aliyempenda kupita kiasi. Nilimsikia akimsalimu asubuhi kabla hajamsalimu mtu yeyote.

Kila baridi, Babu na rafiki zake wenye karavani walikwenda jangwani siku mbili, mahali palipotengwa kwa ajili ya kurusha vipanga. Familia zao zilikuja, na sisi tuliowatumikia tulikuja. Nikifumba macho hata leo nasikia jenereta ikinguruma nyuma ya hema la jikoni, na chai ya maziwa yenye iliki ikichemka hadi kumwagika. Mama alivaa sweta, akajifunga leso juu yake, na kupika wali wa nyama wenye ndimu kavu. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele na kufunika masufuria, maana mchanga wa huko hauna adabu, unaingia kila mahali. Tulikula wali unaolia menoni kama karanga, tukamshukuru Mungu.

Lakini kazi yangu ya mjini ndiyo iliyoniponza. Wakati wa joto kipanga hubadili manyoya. Nilifagia chumba chake, na kila unyoya mrefu ulioanguka nilitakiwa kumpelekea Babu, naye aliulaza ndani ya sanduku bapa. Sikujua anayawekea nini. Nilidhani ni mapenzi tu, kama mama anavyoweka jino la kwanza la mtoto. Siku moja niliuona mmoja nyuma ya kigingi chake cha kutulia, mrefu, wa kahawia, wenye madoa meupe. Nikauficha. Chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, wenzangu walifuatisha herufi kwa njiti za kiberiti, na mimi nikaja na unyoya wa kipanga. Wallahi, nilijiona malkia. Nikimaliza kusoma nauweka ndani ya juzuu langu la Kurani.

Baridi ikaja, tukaenda jangwani. Alhamisi asubuhi Babu alimpa baba heshima asiyowahi kumpa: amteremshe kipanga kutoka kwenye karavani. Baba akavaa glovu, akatoka taratibu, bismillahi nyingi. Upepo ukaupiga mlango. Ndege akashtuka, akapiga mabawa, na bawa la kulia likagonga ukingo wa mlango. Tulisikia mlio mdogo tu, kama kijiti kikavu. Unyoya mmoja mrefu ulikuwa umevunjika katikati.

Babu hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza baba. Alilikunjua bawa, akalitazama, akasema kesho hatamrusha, kwani unyoya mmoja ukikosekana jirani zake hukosa wa kuwaegemeza, nao huvunjika. Kisha akalileta lile sanduku. Hapo ndipo nilipojua kazi yake. Ukivunjika unyoya, huchukuliwa ule ule wa mwaka uliopita, wa bawa lile lile na nafasi ile ile, ukaungwa kwenye shina lililobaki kwa kijiti cha mwanzi na gundi. Babu alihesabu kwa kidole. Yalikuwepo yote, isipokuwa mmoja.

"Huo huo ninaoutaka ndio haupo," akasema.

Mpishi wa karavani ya jirani, mama mmoja wa Kiganda asiyeacha mzaha hata msibani, alichungulia akasema, "Kipanga wenu amebaki na pengo kama bibi yangu! Mpikieni uji!" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikwenda kukaa nyuma ya gari, na sahani ya wali aliyopelekewa ilirudi kama ilivyokwenda.

Juzuu langu lilikuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya godoro la jikoni. Niliswali adhuhuri nyuma ya mama na sikumbuki nilisoma nini. Niliogopa kuitwa mwizi mbele za watu, na niliogopa zaidi ile sahani iliyorudi. Baada ya salamu nikalichukua juzuu, nikaenda nalo hadi kwa Babu, nikalifungua mbele yake.

Mama ndiye aliyeuona kwanza. "Ya Allah! Unyoya wa kipanga ndani ya juzuu! We mtoto, umeiba, na umenajisi!"

"Mwache kwanza, mama," Babu akasema. Akauinua unyoya kwenye mwanga. Ncha ya chini nilikuwa nimeichonga kwa wembe ili ioneshe herufi vizuri, nami nikaanza kulia, nikidhani nimeuharibu. Babu akauliza, "Umesoma mpaka wapi na huu?"

"Nimekaribia kukhitimu juzuu, Babu."

"Basi umefanya kazi. Huku chini mimi nakata, nahitaji huku juu tu. Kamwite baba yako aje amshike ndege."

Baba alimshika. Mikono yake ilitulia wakati wote Babu alipokuwa akiunga, na alipomaliza, baba aliomba sahani yake ipashwe moto. Mama akaniosha mikono mara saba, akalifuta juzuu kwa kitambaa safi. Sheria za dini kuhusu manyoya nilikuja kuzisoma baadaye, nikajua kwetu unyoya wa ndege asiyeliwa ni najisi, kwa hiyo mama hakukosea sana.

Ijumaa baada ya alasiri kipanga alirushwa. Baba alinipandisha mabegani. Ndege akazunguka juu yetu, na kwenye bawa la kulia nikauona unyoya mmoja uliopauka kuliko wenzake kwa kushikwashikwa na vidole vyangu. "Ule pale," baba akasema, "ewe hafidha, mhifadhi wa Kurani wa nyumba hii." Yule mama wa Kiganda akapiga kigelegele. Kabla hatujaondoka Babu alinichongea kijiti cha kuti la mtende. "Hiki ni chako, na ni twahara, hakina najisi," akaniambia.

Kijiti hicho nilifundishia watoto wa watu miaka mingi Mombasa, hadi kikaisha kabisa kwa kuchongwa upya. Babu ameshatangulia mbele ya haki, na baba, na mama. Uwanja wetu wa karavani sasa ni barabara pana na nyumba za ghorofa. Vipanga wa siku hizi wamefungwa vifaa vya kuwatafutia wakipotea, alhamdulillahi. Lakini sanduku bapa la manyoya bado lipo. Nililitazama la yule kijana Ijumaa ile, nikapitisha kidole juu yake kama Babu. Yalikuwepo yote.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akuunganishie kilichovunjika katika bawa lako, na kama kuna ulichokificha ambacho mwenzio anakihitaji ili apae, akupe wepesi wa kukitoa. Amina.