Nguzo Arobaini na Nne

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, tulibaki watoto wanne pale Mshangano. Baba aliondoka na wapiganaji, hakurudi. Mama alituvusha vitani, njaa iliyofuata ikamchukua. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, msichana wa miaka kama kumi na mitano. Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na mmoja, kisha wawili wadogo, wa kike na wa kiume, waliokuwa bado wakishindana nani ameng'oka meno mengi.

Baba mdogo, ambaye sasa ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo, aliamua tugawanywe. Mjomba angekuja kutoka Namtumbo mwezi ukiandama, amchukue yule wa kumi na mmoja. Mdogo wetu wa kike angekwenda Mpitimbi kwa shangazi, wa mwisho angekaa kwa baba mdogo mwenyewe, nami ningeolewa. Hakusema kwa ubaya. Askari walikuwa wameichoma nyumba yetu pamoja na ghala, na tulikuwa tunalala chini ya banda la majani ambalo mbuzi angelidharau.

Nilimwendea asubuhi, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kuuliza. Nikijenga nyumba moja ya kututosha wote kabla mjomba hajafika, utatuacha tukae pamoja?"

Alicheka kidogo, kisha akahesabu masharti kwa vidole. Wasichana upande wao na wavulana upande wao, kiambaza katikati. Mahali pa moto. Mahali pa chakula. Na mlango uwe mmoja, kwa sababu tangu vita fisi walikuwa wamezoea watu, na wavulana wawili wadogo hawawezi kulala kibanda cha peke yao.

"Na miti utakata kwa meno?" akauliza.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mashoka yetu yalichukuliwa. Shoka lililobaki lilikuwa lake, naye alikuwa na nyumba zake za kusimamisha. Lakini moto ulikuwa umeacha kuta za vibanda viwili vidogo vya mviringo, jiko la mama na banda la mbuzi. Nyasi ziliungua, nguzo zilibaki nzima. Kila kibanda kilikuwa na nguzo ishirini na mbili, na kutoka nguzo hadi nguzo ni mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Nitatumia nguzo za jiko na za banda la mbuzi," nikasema.

"Miti ya jiko na banda la mbuzi itakupa jiko na banda la mbuzi."

Kabla ya vita nilisoma miaka mitatu misheni, na bruda aliyekuwa fundi wa majengo alitufundisha hesabu kwa kamba na pipa la maji. Upana ukiwa saba, mzunguko ni ishirini na mbili. Nilichukua kamba mbili, kila moja mikono ishirini na miwili, nikachora maduara mawili mchangani, kila moja upana mikono saba. Kisha nikaziunga zile kamba mbili, nikachora duara moja. Upana wake ulikuwa mikono kumi na minne.

Baba mdogo alizunguka lile duara kubwa, akarudi kwenye madogo, akayatazama tena.

"Hivi vidogo vyote viwili vinaingia humo ndani?"

"Vinaingia, na nafasi inabaki kubwa. Kimoja ni miraba thelathini na minane na nusu, kila mraba mkono kwa mkono. Viwili ni sabini na saba. Hili ni mia moja hamsini na nne."

"Miti ni ile ile?"

"Ile ile."

"Basi hiyo nafasi umeitoa wapi, mwizi wewe?"

Siku hiyo alinipa shoka lake kwa asubuhi moja. Tulikata nguzo ya kati tu, na ilipofika adhuhuri alikuja kulichukua.

Mimi na wale wadogo tulichimba mashimo arobaini na manne. Kwa paa nilikumbuka kamba ya bruda yenye mafundo: tatu, nne, tano. Ukienda nne kuelekea katikati na kupanda tatu, mti wa paa ni tano. Kutoka ukutani hadi nguzo ya kati ni mikono saba, kwa hiyo mti wa paa ni minane na robo tatu. Ongeza mmoja na robo wa kufunika ukuta usinyeshewe. Mikono kumi kamili. Nikamtuma mdogo wangu yule wa kumi na mmoja bondeni kwenye mianzi, na kisu. "Mianzi thelathini," nikamwambia, "kila mmoja mikono kumi. Ikatie huko huko upate kuibeba."

Alifanya kazi siku nne, mabega yakachubuka. Siku ya nne nililaza mwanzi mmoja juu ya duara, nikapima. Mikono minane.

"Umepima kwa kitu gani?"

"Kwa mkono, dada. Kama watu wote."

Akanyoosha mkono wake kando ya wangu. Mitano yake ilikuwa minne yangu. Mwezi ulikuwa unaandama baada ya siku tatu. Akainama, akasema taratibu, "Namtumbo kuna wali, angalau." Sikupenda aliposema hivyo, kwa sababu hakuwa anatania.

Nilikaa chini nikafikiri. Ukweli ni kwamba sikufikiri sana. Mianzi ilikuwa kumi kwa mkono wake. Basi nyumba nzima na iwe kwa mkono wake: saba hadi katikati, nguzo arobaini na nne, kila moja mbali na mwenzake mkono wake mmoja. Hesabu haikujali mkono ni wa nani, mradi ni mmoja. Kwa mikono yangu, sakafu ingekuwa miraba tisini na minane na nusu. Bado ilizidi vile vibanda viwili kwa pamoja.

"Lete mkono wako," nikamwambia, "na usinyooshe vidole kupita kiasi."

Tulifukia mashimo yote tukachimba mengine kwenye duara dogo zaidi ndani ya lile la kwanza. Nguzo ya kati tuliizamisha zaidi, na za ukuta, zilivyokaribiana, zilisimama imara kuliko nilivyopanga. Mianzi ilifika kileleni na kuzidi ukuta kwa nje, sawasawa.

Baba mdogo alikuja tukiwa tunaezeka. Aliingia na mikeka minne, akaitandika miwili huku na miwili kule, akaacha nafasi ya kiambaza. Akachuchumaa mahali pa moto. Akapima kwa macho mahali pa chakula. Akatoka, akatikisa nguzo tatu au nne bila kuchagua.

"Itavuja upande wa mashariki," akasema. "Ongezeni nyasi."

Mjomba alifika kesho yake na kifurushi cha safari, akatukuta tunakandika. Baba mdogo alimwita pembeni wakazungumza. Mjomba alimtazama mdogo wangu aliyejaa udongo hadi masikioni, akatundika kifurushi chake kwenye mti, akakunja nguo na kuingia kwenye tope. Alikandika na sisi hadi jua likazama, na asubuhi akarudi Namtumbo peke yake.