Jalada Lililotangulia Hadithi

Harufu ya manjano iliyolowekwa katika maji ya gundi haitoki kwenye vidole kwa siku mbili, hata usugue kwa majivu. Mwaka ule wa vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, vidole vyangu vilinuka mchuzi hata siku ambazo nyumbani kwetu Buyenzi mchuzi haukupikwa. Manjano niliichota jikoni kwa mama. Buluu ilikuwa ile ya kufulia mashati meupe. Nyekundu ilikuwa dawa ya vidonda iliyobaki chini ya chupa, ambayo jirani yetu muuguzi aliniachia baada ya kupatana bei kwa muda mrefu kuliko kidonda chochote kinavyohitaji kupona. Nyeusi ilikuwa masizi ya taa. Kwa rangi hizo nne, na ya tano iliyozaliwa manjano na buluu zilipogombana, nilichora majalada ya katuni, ambazo sisi tuliziita bedé kama Wafaransa, ingawa Mfaransa yeyote angekataa kushirikishwa.

Karatasi ilikuwa adimu kama petroli, na uhaba huo ndio ulionifundisha utaratibu ulioniingiza matatani. Nilichora jalada kwanza. Hadithi yenyewe haikuwapo, wala kichwani mwangu. Jalada nililitundika kwa kibanio cha nguo kwenye kamba mbele ya saluni ya Djuma kinyozi, mahali ambapo wanaume walisubiri zamu bila la kutazama. Aliyetaka kujua mtu wa kwenye jalada atafanya nini alileta karatasi mbili tupu. Kama upande mmoja ulikuwa na maandishi, nilidai tatu. Zilipofika kumi na sita nilizihesabu, nikazihesabu tena, maana Djuma alikuwa na tabia ya kufungia vipande vya sabuni kwa karatasi yoyote iliyomkaribia. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta hadithi. Nikitumia karatasi nane, nane zilizobaki zilikuwa zangu. Jalada lisiloleta karatasi nililishusha, na shujaa wake akafa kabla hajaishi. Sikuona ubaya wowote. Wakubwa wa nchi walikuwa wakitangaza mambo redioni kila asubuhi kwa utaratibu uleule.

Udhaifu wangu ulikuwa nyuso. Magari niliyajua, moto niliujua, hata helikopta niliichora ikiwa na skrubu zake zote, lakini uso wa kubuni ulinishinda. Kila niliyembuni alitoka kama binamu yangu Asha, hata akiwa na ndevu. Kwa hiyo niliazima nyuso za mtaani bila kuomba ruhusa, na uso niliouonea tamaa kuliko yote ulikuwa wa fundi Radjabu, mtengeneza baiskeli aliyekuwa na karakana hatua arobaini kutoka saluni. Alikuwa na taya kama droo iliyosahaulika wazi, nyusi mbili zilizokutana katikati zikashikana mikono, na sikio moja lililokatika ncha. Alikuwa mtu mpole, wa swala tano, asiyeongeza bei mara mbili kwa mteja mmoja. Petroli ilipopotea, mji mzima ulipanda baiskeli, na kwake walifika watu wa kila upande, hadi wa Gatumba mpakani waliobeba mafuta ya mawese. Nyumbani kwake alimhifadhi mama mkwe wake, Bibi Mariamu, aliyekimbia kutoka Gasenyi risasi zilipoanza kuingia kwa madirisha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na watu tisa. Kumi, nikimhesabu vizuri mtoto aliyelala kwenye beseni.

Nilimchora fundi akivuka daraja, macho pembeni, gunia begani, na kitu kirefu kimetokeza mdomoni mwa gunia. Kilikuwa kirefu kwa sababu upande ule wa karatasi ulibaki mtupu, na utupu kwenye jalada ni hasara. Nyuma yake niliweka milima na anga ya dawa ya vidonda. Nililitundika asubuhi ya Jumatatu. Jumanne kabla ya adhuhuri nilikuwa na karatasi kumi na nne, tena safi pande zote, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kunishusha bei. Hapo nilipaswa kushtuka. Mteja anayelipa bila kupatana ana jambo.

Miaka ile uso wa mtu ulikuwa kitambulisho cha kwanza kukaguliwa. Watu walisomana pua na kimo barabarani, wakitafuta kabila, na mtaa mmoja uliogopa kupita kwa mtaa mwingine. Buyenzi, kwa kuwa ilichanganya pua za kila namna na kuziunganisha kwa Kiswahili, ilijihesabu kuwa nje ya jambo hilo. Ilikuwa nje, ila bila ukuta. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilikuwa nimeliletea picha yake kabla halijafika. Hadithi ambayo sikuwa nimeiandika, waliosubiri kunyolewa walikuwa wameshaiandika. Radjabu anavusha vitu. Ndiyo maana anatembelewa na watu wa kila upande. Ndiyo maana watu wa Gatumba. Mtoto amemwona, mtoto hasemi uongo. Adhuhuri ilipokaribia, vijana wawili wasio wa mtaa wetu walisimama mbele ya kamba, wakamwuliza Djuma mtu huyu anakaa wapi. Djuma alisema ni picha tu, ni mchezo wa mtoto. Mmoja wao alijibu kwamba picha ya mutu iko na mwenyewe, na kwamba watarudi baada ya alasiri, waonyeshwe mwenyewe huyo.

Djuma aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayenong'ona akiwa peke yake. Niliruka kwenda kulishusha jalada. Alinishika mkono.

"Apana! Ukilitosha, watasema tumemuficha. Liache palepale."

Fundi Radjabu alikuja mwenyewe, ameitwa, mikono ina grisi hadi viwiko. Alisimama mbele ya jalada, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio zima, kama anayesikiliza gurudumu lililopinda.

"Zaina, ni we umenichora hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Sura ni yangu. Haukukosea." Akanyoosha kidole cheusi, bila kuigusa karatasi. "Na mu gunia, nimebeba nini?"

"Sijui bado, baba. Sijaandika."

"Haujue?" Alinigeukia. "Mi nimebeba kitu hata we mwenyewe haujue?"

Djuma alimshauri aondoke mara moja, ashuke Gatumba kwa ndugu yake. Fundi alikataa: mtu anayekimbia amejibu swali. Tena nyumbani mlikuwa na watu tisa ambao wangeulizwa badala yake. Kumi. Akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akajifunika shuka la kinyozi, labda kwa sababu hakuwa na pengine pa kuketi. Basi ikabaki njia moja, nayo ilikuwa kazi yangu. Gunia lilitaka kitu ndani yake kabla ya alasiri, kitu ambacho watu wangekitaka kuliko kile walichokwisha kukitia wenyewe.

Tulipatana juu ya gunia lile kama watu wanaouziana nyumba. Fundi alitaka iwe pampu ya baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kweli ya maisha yake. Nilimwambia hakuna atakayeamini pampu, kweli ilikuwa nyepesi mno. Alipendekeza mwavuli. Djuma alisema mwavuli unafichwa na nani? Lazima kiwe kitu ambacho mtu anaona haya kukibeba, na lazima watu wacheke, kwa sababu mtu akisha kumcheka mwenzake hamwogopi tena. Kisha Djuma, ambaye alinyoa vichwa vya mtaa mzima na kujua kilichokuwa ndani ya kila kimoja, alisema polepole:

"Weka chungu ya maharagi. Ameiiba kwake mwenyewe, juu mukwe wake anamaliza yote."

"Mukwe wangu apana!" Fundi aliinuka, shuka likamwangukia miguuni. "Djuma, una akili? Ule mama amekimbia vita, amekuja kwangu. Mukwe hachezewi."

"Basi," Djuma alisema, "tuandike ni bunduki?"

Fundi aliketi tena. Nilisikia mkasi wa Djuma ukifunguka na kufungika hewani, haukati kitu. Kwetu mkwe hatajwi jina lake ovyo, humtazami akila, na ukikutana naye njiani unampisha. Mtu anaweza kumkosea mke akasamehewa kabla ya chakula cha jioni; mkwe anadai ujumbe wa wazee. Wahenga walisema bora lawama kuliko fedheha, lakini wahenga hawakukaa Buyenzi miaka ile. Fundi alijifuta uso kwa kiganja, akajiachia mstari wa grisi kwenye shavu, ambao niliuona na, Mungu anisamehe, niliupangia mahali pake kwenye picha.

"Chora," alisema. "Chora mbio."

Nilichora kurasa nne sakafuni, juu ya nywele za watu. Kwenye ya kwanza mama mkwe amesimama juu ya chungu, mwiko mkononi kama mkuki, na watoto wote wamepanga foleni na sahani tupu. Kwenye ya pili fundi ananyata na chungu ndani ya gunia, mwiko umetokeza nje. Ya tatu amekaa chini ya daraja, anakula peke yake, mashavu yamejaa. Ya nne mama mkwe anateremka kilima kwa baiskeli ambayo fundi mwenyewe aliifunga breki, na breki hazishiki. Hakukuwa na muda wa rangi, isipokuwa manjano kwenye maharagwe. Nilizitundika zote kando ya jalada, vibanio havikutosha, Djuma akashikilia ya nne kwa mkono wake.

Watu waliotoka msikitini walicheka kwanza kwa aibu, kisha bila aibu. Walicheka wakamwonyesha fundi pale kitini, naye alicheka pamoja nao, taya limefunguka lote. Sijaona kazi ngumu kuliko ile iliyofanywa na uso wake alasiri hiyo. Vijana wawili walirudi kama walivyosema. Mmoja alisoma kurasa zote, akacheka hadi akashika ukuta, akataka kujua kama mama mkwe alimfikia. Mwenzake hakucheka. Alimtazama fundi, akaitazama picha, akamtazama fundi. Kisha akamwambia Djuma amnyoe, akanyolewa, wakaondoka.

Maji yaliyomwagika hayazoleki. Kabla ya magharibi kila nyumba ilikuwa na habari ya maharagwe, na nyumba ya fundi ilikuwa nyumba pia. Asubuhi yake Bibi Mariamu alifunga kanga zake mbili akarudi Gasenyi kwa miguu, kule ambako madirisha yalikuwa hayana vioo. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hakujua kama alikuwa akimaliza chakula cha watoto. Fundi alifunga karakana, akaenda na wazee watatu kumwomba, akarudi bila yeye. Siku nne milio ya risasi ya upande ule tuliisikia vizuri, nami sikugusa kalamu. Safari ya pili Bibi alikubali. Ila tangu siku aliporudi alipika peke yake uani, kwenye mafiga yake, chungu kidogo cha mtu mmoja, na hakuonja tena chakula cha nyumba ile hadi alipofariki miaka kadhaa baadaye. Fundi alinijibu salamu kila siku, akaitengeneza baiskeli ya baba yangu kwa bei ileile ya zamani. Jina langu hakulitaja tena.

Leo nachora katuni na majalada ya vitabu katika chumba kimoja Kibenga, karibu na ziwa. Karatasi ninayo nyingi kuliko hadithi. Vijana ninaofanya nao kazi huchora juu ya kioo cha kompyuta. Picha ikikamilika asubuhi, hadi adhuhuri imetazamwa na watu ambao Djuma asingewamaliza kuwanyoa maisha yake yote. Siwaonei wivu. Mimi nilikuwa na kamba moja, na hata hiyo picha haikushuka nilipotaka. Fundi Radjabu alikufa kitandani kwake, mzee, jambo ambalo kwa watu wa rika lake si dogo. Sijui kama wale wawili wangemdhuru. Labda walitaka tu kutengenezewa baiskeli.

Nina kioo kidogo mezani, cha kujitazama, cha aina ya zamani. Kila mwizi, kila mlaghai na kila msaliti niliyemchora tangu wakati ule ana kidevu changu na jicho langu la kushoto, lililo dogo kuliko la kulia. Wachapishaji hawajagundua. Mwezi uliopita sokoni mtoto wa kike, labda wa miaka sita, aliniangalia, akajificha nyuma ya kitenge cha mama yake. "Mama, ni ule mwizi!" Mama aliona haya, akaniomba radhi mara tatu. Muuza nyanya niliyekuwa nikipatana naye bei aliacha kupanga mafungu, akanitazama vizuri, kisha akakivuta kikapu chake upande wa pili. Nilimwambia mtoto kwamba ana macho mazuri, nikaendelea kupatana.